GEJI ILIYOKUFA HUUA PAMPU

Ndugu mkulima, mwezi huu naomba tuache mbegu na mbolea kando kidogo, tuitazame ile pikapu kuukuu iliyosimama chini ya mti karibu na ghala. Kama wewe huna, jirani yako anayo. Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kukatwa na kugawiwa wananchi katika mpango wa Ekari Milioni, mkulima wa skimu amekuwa mtu wa safari. Aliye Ndalu, Naitiri au Tongaren hawezi kubeba mahindi kichwani hadi Kitale au Bungoma. Hapana budi apate gari, na kwa wengi wetu gari hilo ni kuukuu.

Mimi silidharau gari kuukuu. Ninalo. Lakini nina neno moja la kukuambia, na ningependa ulisome hadi mwisho kabla hujatoa fedha mfukoni. Mtu anayenunua pampu mpya ya petroli na kuiacha geji yake ikiwa imekufa, ametupa fedha zake. Pampu hiyo itakufa tena, au itasingiziwa imekufa, na gari litamwacha njiani siku asiyoitaka.

Sisemi haya kwa kuyasoma tu. Yamenipata, na makosa yalikuwa yangu mwenyewe.

Geji ya pikapu yangu ilikufa. Tangi likijaa, mshale ulilala kwenye tupu. Tangi likikauka, mshale ulilala pale pale. Nikasema si kitu, nitapima kwa kijiti. Nikakata kijiti, nikawa nakitia mdomoni mwa tangi kila asubuhi kama daktari anayempima mgonjwa homa. Katika miaka miwili nikanunua pampu tatu. Kila gari lilipokohoa mlimani, fundi wa njiani alisema, "Mzee, ni pampu," nami nikaitikia, "Ndiyo, ni pampu."

Usiku mmoja wa mvua, mkaza mwanangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tukamlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia, chini ya turubai, tukashika njia ya Kitale. Tulipokwisha kupita Kamukuywa, kabla ya kufika Kiminini, gari likazima. Pampu ilikuwa na miezi minne tu. Nikatafuta kijiti gizani, nikapima: petroli ilikuwapo, kiasi cha vidole viwili. Nikageuza ufunguo mpaka betri ikachoka. Akina mama wawili wa nyumba iliyo karibu walisikia kilio, wakaja na shuka na maji ya moto. Mtoto alizaliwa hapo hapo kando ya barabara. Namshukuru Mungu, yeye na mama yake ni wazima. Lakini usiku ule nilijua kwamba kama damu ingekataa kukata, mimi ndiye ningekuwa na la kujibu, wala si pampu.

Siku mbili baadaye fundi mmoja mzee aliliteremsha tangi. Ndani tulikuta matope, kutu, na vipande vitatu vya kijiti changu. Petroli ilipopungua, vipande hivyo viliteremka nayo, na kimoja kikakaa kwenye mdomo wa bomba linalonyonya petroli. Pampu haikuwa na kosa hata kidogo. Nilikuwa nimenunua pampu tatu ili kutibu ugonjwa wa geji.

JINSI GEJI MBOVU INAVYOIUA PAMPU

Mtu asiye na geji huendesha gari kwa kubahatisha. Hutia lita mbili leo, tatu kesho, na tangi lake huwa karibu tupu siku zote. Sasa fikiri ni nini kilicho chini ya tangi la gari la miaka thelathini au arobaini. Kuna kutu, mchanga na maji. Maji hayo mengine huletwa na mtungi usio safi, na mengine ni umande, kwa kuwa usiku wa Kitale ni baridi na tangi lililo tupu limejaa hewa yenye unyevu. Petroli ikiwa nyingi, uchafu hutulia chini. Ikiwa kidogo, gari linapotikiswa kwenye mashimo uchafu wote huchafuka na kunyonywa.

Magari yetu yana pampu za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani, iliyofungwa ubavuni mwa injini, kama katika pikapu za Peugeot 504, Datsun 1200 na Land Rover za petroli. Ndani yake kuna kiwambo, ambacho mafundi hukiita daiframu, na kuna springi na vali mbili ndogo. Mkono wake husukumwa na injini yenyewe. Punje moja ya mchanga ikikwama kwenye vali, pampu hupoteza nguvu.

Ya pili ni pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi, kama katika magari mengi yasiyo na kabureta. Hiyo hupozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Ukiizoeza kufanya kazi katika tangi tupu, itapata joto na kuungua. Kwa hiyo mwenye gari la namna hii asiruhusu petroli ishuke chini ya robo. Lakini atajuaje robo ikiwa geji imekufa?

KWANZA UJUE UGONJWA

Bwana Shamba hapigi dawa kabla ya kumtazama mdudu. Nawe usinunue pampu kabla ya kutazama mambo haya.

1. Fungua kifuniko cha tangi. Kama hewa inaingia kwa sauti na gari linakubali kwenda, kosa ni kifuniko. Tundu lake la hewa limeziba.

2. Tazama filta ya petroli. Land Rover nyingi za zamani zina kikombe cha kioo kwenye pampu; kifungue, ukioshe, ukirudishe pamoja na mpira wake.

3. Kagua mipira kutoka tangini mpaka kwenye pampu. Katika magari yenye pampu ubavuni mwa injini, upande huu hunyonya, kwa hiyo mpira uliopasuka huenda usidondoshe petroli hata tone. Badala yake huvuta hewa, na pampu ikinyonya hewa haifanyi kazi.

4. Kama gari huzima mchana wa jua tu, likiwa na mzigo, funika pampu kwa kitambaa chenye maji na ungoje. Petroli iliyopata joto sana hugeuka mvuke ndani ya bomba, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Jambo hili hutokea upesi zaidi kwetu, kwa sababu Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na hewa ya juu ni nyepesi. Gari lililotoka Bungoma, kwenye mita kama 1,400, hupanda njia yote likiwa na mzigo. Likikubali baada ya kupoa, pampu huenda ni nzima. Tazama kama bomba linagusa injini yenye moto.

5. Vuta kijiti cha kupimia oili ya injini, ukinuse. Kama oili imeongezeka bila kutiwa na inanuka petroli, huenda kiwambo kimepasuka na petroli inamwagika ndani ya injini. Usiendeshe gari hilo hata hatua moja. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, hailindi vyuma, na injini nzima itakufa kwa ajili ya kipande cha mpira. Badili pampu na oili pamoja.

6. Kwa pampu ya umeme, washa ufunguo bila kuwasha injini, usikilize. Katika magari mengi utasikia mngurumo mdogo kwa sekunde chache. Kama kimya, tazama kwanza fyuzi, rilei na waya wa athi. Vitu hivi ni vya bei ndogo kuliko pampu.

KUBADILISHA PAMPU YA UBAVUNI

Kazi hii yataka spana chache, bisibisi, na subira. Injini iwe imepoa na gari liwe nje mahali penye hewa. Ondoa waya wa hasi wa betri kabla ya jambo lingine lolote. Osha pampu ya zamani kwa nje, maana uchafu ukiingia ndani ya injini utakuwa umeondoa ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Tia alama bomba la kuingia na bomba la kutoka, kisha uzibe lile linalotoka tangini ili petroli isimwagike.

Fungua bolti zinazoishika pampu, uitoe polepole. Kati yake na injini utakuta gasketi, na mara nyingi kipande kinene kinachozuia joto. Usikitupe kipande hicho! Unene wake ndio unaopima mwendo wa mkono wa pampu. Ukikiacha, mkono utasukumwa kupita kiasi na kuvunjika. Ukiongeza unene, pampu itasukuma petroli kidogo. Weka pampu mpya kando ya ile ya zamani ulinganishe urefu na umbo la mkono. Ikiwa hazifanani, irudishe dukani siku hiyo hiyo. Pampu za bandia ni nyingi, na hata sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia haikumwondolea mnunuzi kazi ya kutumia macho yake.

Unapoiingiza, hakikisha mkono unakaa mahali pake sawasawa. Kama pampu inakataa kukaa, usiilazimishe kwa bolti. Zungusha injini kidogo kwa mkono mpaka isiusukume mkono wa pampu, kisha ujaribu tena. Kaza bolti huku na huku kwa zamu. Weka mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli pamoja na klipu mpya. Mpira wa bomba la kunyunyizia dawa ya kupe hauwezi kazi hii, kwa maana petroli huulainisha na kuupasua. Rudisha waya wa betri, washa injini, kisha utazame kila kiungo kama kunavuja.

Tena, usikubali fundi akufungie pampu ya umeme ya gari la kisasa kwenye gari lenye kabureta. Kabureta hutaka nguvu kama ya pauni 3 hadi 5 kwa inchi ya mraba. Pampu ya gari lisilo na kabureta huweza kutoa pauni 35 na zaidi. Petroli itafurika juu ya injini yenye moto, na mwisho wake wajua.

KUTENGENEZA GEJI

Hapa ndipo watu wengi huogopa bure. Ndani ya tangi kuna boya, yaani floti, lililoshikwa kwenye mkono mwembamba. Petroli ikipanda, boya hupanda, na ncha ya mkono huteleza juu ya waya mwembamba uliozungushwa. Umeme unaopita hapo ndio unaousukuma mshale mbele yako. Hakuna uchawi.

Anza na waya wa athi, unaounganisha kipimo hicho na bodi ya gari. Mara nyingi umeliwa na kutu. Ukwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae, uukaze. Geji nyingi hufufuka kwa kazi hii ndogo, na haigharimu kitu.

Kama haikufufuka, ng'oa waya wa geji kwenye kipimo cha tangini, tangi likiwa limefungwa na kusiwe na harufu ya petroli. Washa ufunguo na umwambie mwenzako atazame mshale. Gusisha waya huo kwenye chuma cha bodi kwa nukta moja, mbali na tangi. Katika magari mengi ya umri huu mshale utapanda kuelekea alama ya kujaa. Ukipanda, geji na waya ni vizima, na ugonjwa uko tangini. Usipocheza kabisa, tafuta kosa kwenye waya au kwenye geji yenyewe.

Kabla ya kukitoa kipimo, ondoa tena waya wa betri na upunguze petroli. Pete inayokishika isukume kwa kigongo cha mti, usiigonge kwa patasi ya chuma, maana chuma kwa chuma hutoa cheche. Kikisha toka, tikisa boya karibu na sikio lako. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka, ndiyo sababu linazama. Shauri langu ni kununua boya jingine. Usilipeleke kwenye moto kulitia risasi, kwa sababu mvuke uliomo ndani huweza kulipuka. Kisha tazama mkono kama umepinda, na ule waya mwembamba kama una uchafu. Ufute kwa kitambaa laini. Fundi mwenye mita ya umeme aupime huku mkono ukipandishwa polepole: hesabu ibadilike pole pole bila kuruka. Ikiruka, waya umekatika, nunua kipimo kizima.

Wakati tangi liko wazi, lisafishe. Unaporudisha kipimo, tumia mpira mpya unaofaa petroli. Gundi ya silikoni ya kawaida huvimba na kumeguka ndani ya petroli, na vipande vyake vitaifuata pampu yako mpya.

Mwisho, fanya jambo ambalo wachache hulifanya. Tia petroli lita tano tano, na kila mara uandike kwenye kadi mshale ulipofika. Bandika kadi hiyo karibu na usukani. Mali bila daftari huisha bila habari, na petroli ni mali.

PETROLI SI MAJI

Ndugu zangu, katika kazi hizi zote adui ni mvuke usioonekana. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, na moto ulipolipuka zaidi ya watu 100 walikufa. Tangi lako ni dogo, lakini petroli ni ile ile. Usifanye kazi hii ndani ya jiko wala ghalani penye kibatari. Sigara iwe mbali, na watoto wawe mbali. Usikubali tangi lichomelewe eti kwa sababu ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke, na ni la hatari kuliko lililojaa.

Wala usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni, hata kidogo, yaweza kumwua mtu. Tumia pampu ya mkono. Na mtoto aliyekunywa petroli asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

WASEMAVYO WENGINE

Wako watakaosema, "Uza gari hilo, ununue jipya." Mwenye uwezo na afanye hivyo. Lakini gari la kabureta ninaweza kulitengeneza kwa spana mbili chini ya mti, na kiasi ambacho ningelipa kila mwezi kwa deni la gari jipya ninakitia katika mbolea. Baba zetu walihangaika miaka mingi kulipa mikopo ya mashamba haya. Sioni aibu kuogopa deni.

Wengine watasema kijiti kinatosha. Kwa hao sina jibu ila kuwaonyesha vile vipande vitatu. Nimeviweka kwenye kopo, juu ya dirisha la jikoni, na mjukuu wangu aliyezaliwa njiani sasa huvichezea.

Basi, kabla mavuno hayajaanza, chagua siku moja isiyo na mvua. Mwite mwanao mkubwa, mwite na binti yako, wote wajifunze. Tengeneza geji kwanza, safisha tangi, kisha uamue kama pampu yahitaji kubadilishwa. Huenda ukaona kwamba haihitaji. Na usiku utakapokuja mtu kugonga mlango wako akisema kuna mgonjwa, utatazama mshale, utajua una lita ngapi, nawe utaondoka bila kubahatisha.